Betri ya Lori la Majani

Lori liligoma. Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na msomaji mmoja wa Ipelele ameniandikia kwa hasira kwamba gari la dizeli husukumwa tu likawaka, sasa nawapotezea muda wa nini. Haya, bwana wa Ipelele. Njoo ulisukume wewe, likiwa limebeba majani mabichi ya chai ya kijiji kizima, pua imeelekea mlimani, nyuma yake korongo, na utelezi wa Lupembe wa mwezi wa tatu chini ya miguu yako.

Methodi, dereva, alizungusha ufunguo mara ya nne. Gari likasema tik, likanyamaza. Akashuka na kwenda kwenye sanduku la betri. Nyaya mbili zilitoka humo, zikapita chini ya lori na kuishia nyuma ya kibanda cha mizani.

Watu wote wakazifuata kwa macho. Mwisho wa zile nyaya palikuwa na sanduku la spika, na kando ya spika alisimama Oktavia, binti wa Dorosela, gita jekundu la umeme likimning'inia kifuani.

"Nani amekula umeme wa gari langu?" Methodi aliuliza.

Swali lile lilimkata Oktavia maini. Methodi mwenyewe ndiye aliyemfungia nyaya zile asubuhi. Ndiye aliyesema, "Piga tu dada, betri mpya hii." Naye akapiga tangu saa mbili wakati watu wakichuma, injini imezimwa ili ngurumo isimvuruge. Sasa Methodi alimtazama kama mtu waliyekutana stendi. Dereva aliyeua betri alikuwa akifukuzwa kazi siku hiyohiyo, na Methodi alilijua hilo.

"Mimi," Oktavia alisema. "Nimejichukulia. Sikumwuliza mtu."

Methodi akainamisha kichwa.

Mzee Lenard, mwenyekiti wa kituo cha majani na kaka wa marehemu baba yake Oktavia, alikuja taratibu akiwa ameshika fimbo. Majani ya chai hayana subira. Yakilundikana yanapata moto, yakipata moto yanageuka mekundu, na mekundu kiwanda hakiyataki. Ilikuwa saa nne na nusu. Lile lilikuwa jasho la asubuhi nzima la kaya arobaini.

"Lete hilo dude," alisema.

"Baba mkubwa, nakuomba."

"Lete. Nikalipasue kuni, angalau mtu aote moto."

Oktavia akapiga magoti kwenye tope. "Nipe leo tu. Leo jioni, basi. Bruda Joakimu anapita Makambako na treni, wanampeleka Dar, kutoka hapo kwao Brazili. Hatarudi. Ameniagiza nimpelekee gita, atapiga mara moja. Nikikosa leo nimekosa milele."

Mtu mmoja akacheka. Wengine walimkumbuka Bruda Joakimu, yule Mbrazili mnene wa misheni, fundi wa jenereta aliyenuka dizeli hata siku ya Pasaka. Hakuna aliyewahi kumwona ameshika gita.

"Lori lenyewe ndilo hili," Mzee Lenard alisema. "Utaenda Makambako kwa mabawa?"

Hapo ndipo Dorosela, mama yake Oktavia, alipojitwika kikapu. Hakumgombeza binti yake wala hakumtetea. Alipanda kwenye lori, akajaza majani, akashuka, akayamwaga juu ya turubai. "Na yangu yamo humu," alisema. "Tushushe yote, tulipandishe lori tupu mpaka pale kileleni, literemke upande wa pili liwake. Tukisimama hapa tunasema, majani yanaiva."

Hilo lilikuwa neno la mtu mzima. Wanawake wakaanza kushusha, wanaume wakaenda mgongoni mwa lori.

Lori tupu nalo lina uzito wake, wasomaji wangu. Lilipanda hatua tatu, likarudi mbili. Wanaume arobaini walikuwa wanasukuma kila mmoja kwa wakati wake. Oktavia akaliacha gita kwenye meza ya mizani, akaenda kuweka bega, na bila kufikiri akaanza kuimba wimbo wa Bruda Joakimu, ule aliojifunza kwenye banda la jenereta na kuutilia maneno ya Kibena yeye mwenyewe. Ulikuwa na mapigo mazito, moja, mbili, halafu la tatu linalokita chini. Kwenye lile la tatu watu wakasukuma.

Roki ya Brazili ikawa wimbo wa kusukumia lori. Likafika kileleni, likateremka, likakohoa, likawaka.

Watu walishangilia, na lori liliporudishwa wakaanza kupakia majani upya, lakini Mzee Lenard hakushangilia. Alikuwa ameketi kwenye meza ya mizani, gita mapajani, anapitisha kidole juu ya nyuzi. Mtu wa mizani huyo, kila kitu kwake ni hesabu.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita," alisema. "Nyuzi sita zinaondoka, nyuzi sita zirudi. Kesho saa mbili asubuhi, kabla kikapu cha kwanza hakijapimwa, dude hili liwe hapa mezani. Litakaa kwangu mpaka msimu uishe."

"Litakuwepo, baba mkubwa."

"Nani anakudhamini? Neno lako leo tumeliona."

Upepo wa baridi ulipita kwenye chai.

"Mimi," Dorosela alisema. "Lisipokuwepo, majani yangu yasipimwe tena kwenye mizani hii."

"Shemeji, fikiri. Huna shamba lingine zaidi ya kile kipande."

"Nimefikiri."

Oktavia akamshika mama yake mkono amzuie. Mama yake akalichukua gita mapajani mwa Mzee Lenard, akampa bila kumtazama. "Nenda. Na urudi nalo."

*

Methodi aliendesha lori kuelekea kiwandani, Oktavia kando yake.

"Oktavia."

"Usiseme kitu, kaka."

"Nina watoto wanne."

"Najua. Ndiyo maana nilisema mimi."

Kiwandani, mkaguzi alitumbukiza mkono kwenye majani mpaka kwenye kiwiko. Akautoa, akanusa. "Yana joto haya." Oktavia alifumba macho. Mkaguzi akatumbukiza mkono upande wa pili, akafikiri, akawatazama wote wawili walivyotapakaa tope. "Pitisha. Kesho mkichelewa hivi nayamwaga."

Methodi alikwenda mbio kwa dereva wa lori la chai kavu lililokuwa linawashwa kuelekea Makambako. "Huyu mdogo wangu," alimwambia. "Afike leo, hata akikaa juu ya mizigo." Kisha akamgeukia Oktavia na kutaka kusema neno, akaishia kumfunga koti lake mabegani.

Basi Oktavia akakaa juu ya magunia ya chai, akashuka Lupembe, akapita pembezoni mwa Njombe kwenye ukungu, meno yanagongana, huku akimkumbuka Bruda Joakimu.

Bruda alimsimulia maisha yake kidogokidogo, kila jenereta ilipozimwa ipoe. Baba yake alikuwa fundi redio huko São Paulo. Joakimu akiwa na miaka kumi na sita alikata ubao wa meza ya mama yake, akatengeneza gita la umeme, akachapwa, akalipiga. Mtaa ule mzima haukuwa umesikia roki. Padri alisema ni kelele za shetani, na Jumapili iliyofuata vijana walijaa mpaka barabarani. Akaingia redioni. Akatoa sahani ya santuri. Wasichana wakawa wanazimia kwa ajili ya yule fundi mnene, jambo ambalo Oktavia alilicheka mpaka akalia.

Kisha wanajeshi wakachukua nchi. Wakamwita apige kwenye karamu yao. Alipiga, maana aliogopa. Usiku uleule, wakati watu wanampigia makofi mbele, mpiga ngoma wake alitolewa kwa mlango wa nyuma na hakuonekana tena. Walikuwa wamecheza pamoja tangu utoto.

"Nilipiga vizuri sana siku ile," Bruda alisema.

Hakugusa gita tangu hapo; hata Oktavia alimfundisha kwa mdomo tu. Alijiunga na mabruda, akaomba apelekwe mbali, wakampeleka Njombe. Lakini aliutungia wimbo ule nusu ya pili, kwa ajili ya mwenzake yule, na hiyo nusu aliiweka kichwani tu. Oktavia aliijua ya kwanza. Ya pili hakuna masikio yaliyowahi kuisikia, na mwenye kichwa hicho alikuwa anaondoka jioni hii.

*

Makambako, saa kumi na mbili kasoro. Miraji, waliyepatana na Oktavia aje na spika arekodi, alikuwa stesheni anazunguka pikapu yake kama kuku anayetaka kutaga. Miraji mnamjua, yule mwenye duka la kaseti karibu na stendi, kijana wa Kigoma aliyekuja na begi moja. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na duka lake lilijaa redio na saa za Dubai mpaka mteja akawa anaingia kwa ubavu.

"Treni imeshaingia, dada," alisema. "Ina dakika kumi na tano, wallahi. Zimebaki nane."

"Betri?"

"Ya pikapu. Na leo injini haizimwi, nimesikia habari za Lupembe."

Habari mbaya haina haja ya lori.

Walimkuta Bruda Joakimu kwenye dirisha la behewa la tatu. Oktavia alipomwona alisimama. Yule mtu mnene alikuwa amekwisha. Nusu ya uso wake ilikuwa imeshuka, na mkono wa kushoto ulilala mapajani kama kitu cha kuazima.

"Kamwene, mwanangu," alimsalimu kwa Kibena, kwa taabu.

"Kamwene, Bruda. Shuka basi, kila kitu tayari."

"Miguu imekataa."

"Tutakubeba."

"Na huu mkono umekufa, kwa kiharusi, kule Mbeya." Akainua wa kulia. "Huu bado ni wa São Paulo."

Mama yake ameweka shamba zima rehani, Methodi amehatarisha kazi yake, kaya arobaini zimesukuma lori, kwa ajili ya mtu asiyeweza kubonyeza uzi. Alitaka kulia kwa sauti pale pale stesheni.

"Wewe una mkono wa kushoto?" Bruda aliuliza.

"Ninao."

"Basi tuna mtu mmoja mzima. Lete gita."

Alilipokea dirishani, akavaa mkanda shingoni, akalilaza mapajani, shingo ya gita ikatokeza nje ya dirisha. Miraji akaleta kreti tupu la soda, Oktavia akapanda juu yake, akanyoosha mkono, akazishika nyuzi. Waya ukatoka kwenye gita hadi kwenye spika juu ya pikapu. Miraji akaweka redio kaseti mbele ya spika, akabonyeza.

Abiria wakaanza kutoa vichwa madirishani. Mama mmoja muuza viazi akaweka sinia chini.

Bruda hakuwahi kumfundisha majina ya kitabuni. Kwenye banda la jenereta kila mshiko wa vidole ulipewa jina la kipuri. Sasa aliinamisha mdomo karibu na dirisha.

"Pistoni," alinong'ona, na Oktavia akabonyeza. Mkono wa kulia ukashuka.

Sauti iliyotoka iliwashtua mpaka mbuzi. Nusu ya kwanza waliijua wote wawili na ilikwenda yenyewe. Kisha Bruda akasita. Oktavia aliona machozi yanashuka kwenye ule upande wa uso uliokuwa hai.

"Nozeli," alisema. "Nozeli tena. Pistoni. Sasa belti, ikaze."

Nusu ya pili haikuwa na hasira kama Oktavia alivyodhani siku zote. Ilikuwa ya pole, inarudi nyuma na kuuliza, inarudi tena. Yeye alikuwa akibonyeza bila kujua kinachokuja, mwingine akipiga bila kuweza kubonyeza, na katikati yao dirisha la treni. Miraji aliyekuwa na neno kwa kila jambo alivua kofia.

Filimbi ikalia.

"Bado," Oktavia alisema.

"Belti. Nozeli." Mkono wa Bruda uliendelea. Behewa likashtuka, likaanza kutambaa. Oktavia akaruka kutoka kwenye kreti, akatembea nalo, mkono uko juu. "Gasketi," Bruda alisema, "gasketi, shikilia hapo," akapiga mara ya mwisho, na sauti hiyo ikalia kwa muda mrefu mpaka waya ulipofika mwisho wake na kuchomoka.

Wimbo ulikuwa umekwisha. Wote wawili walicheka kama watoto. Halafu Oktavia akakumbuka meza ya mizani.

"Gita, Bruda. Nipe gita."

Bruda alikuwa ameshaanza kuhangaika. Mkanda ulikuwa shingoni mwake, tumbo la gita limekwama chini ya kizingiti cha dirisha, na mkono ulikuwa mmoja. Treni ikaongeza mwendo. Oktavia akawa anakimbia, ameshika shingo ya gita kwa mikono yote miwili.

"Vua mkanda."

"Natafuta kifungo chake."

Akavuta. Kichwa cha Bruda kikagonga fremu ya dirisha. Akavuta tena kidogo, akaona mkanda unavyoingia kwenye ngozi ya shingo ya mzee yule, na macho yake yanavyomtazama bila kumlaumu. Abiria mmoja ndani alisimama kusaidia, akaanguka kwa mtikisiko. Jukwaa lilikuwa limebaki hatua kumi. Aliona kipande cha chai cha mama yake, kilivyopaliliwa.

Akaachia.

Behewa la tatu likapita, la nne, la tano. Oktavia alibaki mwisho wa jukwaa, vidole vya mkono wa kushoto bado vimejikunja vilevile. Hakulia wakati huo. Alikuwa anapiga hesabu ya saa zilizobaki mpaka asubuhi.

*

"Nimeupata," Miraji alisema akihema nyuma yake. "Wote. Na mngurumo wa injini umo, lakini unapendeza, wallahi."

Oktavia akamweleza kuhusu gita, saa mbili asubuhi, na mama.

Miraji alifikiri kidogo tu. Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara akiona mtu anazama huanza kwa kuuliza kamba anayo nani.

"Gita lako lilikuwa rangi gani?"

"Jekundu."

"Twende dukani."

Alipanda kwenye stuli, akashusha boksi refu kutoka juu ya rafu. Lilikuwa limefungwa kwa nailoni ya kiwandani, na pembeni pamechanika, wekundu unaonekana ndani, mzuri, unang'aa.

"Gita la umeme. La Dubai. Mzee wenu ameliona lile mara ngapi?"

"Leo tu."

"Basi. Kesho saa mbili ataletewa gita jekundu. Gari langu la Njombe linaondoka alfajiri, litakuteremsha njia panda ya Lupembe. Mama anapimiwa chai yake."

"Sina cha kukupa, Miraji."

"Sitaki hela yako." Akaweka kaseti juu ya kaunta. "Hii ibaki kwangu. Wimbo, jina, kila kitu. Usije baadaye ukasema ni wako."

"Si wangu hata sasa. Ni wa Bruda. Ni wa yule mpiga ngoma wake."

"Mmoja marehemu, mwingine yuko njiani. Mama yako yuko Lupembe."

Oktavia aliitazama kaseti. Miaka thelathini wimbo ule ulikaa kichwani mwa mtu kwa aibu, ukatoka leo, na umri wake nje haujafika hata saa moja. Alimwona Bruda anavyonong'ona pale dirishani. Akamwona mama yake amesimama kwenye foleni ya mizani na kikapu kimejaa, karani anamruka.

"Lete gita," alisema.

Miraji akachukua bisibisi, akavunja vile vipande viwili vya nyuma ya kaseti ili mtu asije akarekodi juu yake. Kisha akachukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa. Oktavia alisoma maandishi yakiwa kichwa chini: MIRAJI NA WENZAKE.

Kaseti ikaingia kwenye droo, droo ikafungwa kwa ufunguo.

Oktavia akakaa kwenye sakafu, akachana nailoni, akafungua boksi. Gita lilikuwa jekundu kweli, zito kuliko lile, na shingo yake ilikuwa ndefu kuliko alivyozoea. Aliishika, akapitisha kidole juu ya nyuzi, nene kama kamba za viatu.

"Miraji, hili ni gita la besi."

"Gita si gita, dada?"

Alikuwa anamsikia Mzee Lenard mezani, kidole chake kikitembea. Moja, mbili, tatu, nne, basi. Akahesabu tena, akianzia upande wa pili.